Mlango Uliofungukia Nje

Mwaka wa kwanza, hapa Kutaisi, hatuchagui:
asubuhi gundi, mchana mwili, jioni maneno.
Nina kovu la wembe kwenye kidole gumba
na vumbi la kadibodi chini ya kucha.

Nanuli, anayetufundisha kujenga mandhari,
alikiinamia kijumba changu cha mfano,
akasimamisha humo mtu wa waya, kimo cha kidole.
"Huyu akizidiwa," aliuliza, "ataegemea wapi?"
Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimepamba.
Nikabandua karatasi ya maua, nikabandua zulia,
nikabakiza meza,
kiti kimoja zaidi ya watu,
na mlango. Niliufanya ufungukie nje
usije ukala nafasi.

Otia, wa uigizaji, ni mtu wa kukohoa kuliko kusema.
Alinipa ndoo ya jozi na nyundo. "Vunja."
Nikavunja kwa huzuni.
"Weka huzuni chini, vunja jozi."
Nikavunja kwa hasira. Badri akacheka kule nyuma.
"Jozi imekukosea nini?"
Siku ya tatu nilichoka hata kuigiza,
nikawa nataka tu kiini kitoke kizima,
na hapo chumba chote kikanyamaza,
wala mimi sikujua ni kwa nini.

Halafu Bi Lamara.
Nilimpelekea kurasa kumi na moja
za baba yangu aliyekwenda Poland
kupanda majukwaa mengine, yale ya mabomba na mbao,
kupaka rangi maghorofa ya watu.
Mkewe nilimwandikia hotuba, laana, machozi ya ukurasa mzima,
na mbalamwezi dirishani, Mungu anisamehe.
Bi Lamara alikata kwa kalamu ya risasi, polepole,
kama anayechambua mchele,
akaniachia neno moja:
Mama.

Hapa nieleze, maana Kijojia kina mzaha wake:
kwetu mama ndiye baba.
Aliyekuzaa anaitwa deda.
Kwa hiyo katika igizo langu msichana anasikia hatua ngazini,
anauliza, "Mama?"
na deda, mikono ndani ya maganda, hainui kichwa.
Basi. Taa zinazimwa.

Gvantsa aliigiza kuwa mimi.
Mimi nikawa aliyenizaa.

Alikuja usiku wa kwanza, moja kwa moja kutoka tanuri la mikate,
unga bado kwenye kiwiko cha koti,
akaketi safu ya tatu, mkoba mapajani,
kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.
Nilimwona, kisha nikajikataza kumwona.
Nikavunja jozi. Gvantsa akauliza neno lake,
na nyundo yangu ikaruka pigo moja.
Hatukulipanga hilo. Otia hakulifundisha.
Mkono ulioning'inia hewani haukuwa wangu;
niliujua kwa jinsi ulivyokunja kidole cha mwisho.

Baadaye nilimkuta penye makoti.
Nilisubiri anisifu. Nilisubiri aniulize
nani alinipa ruhusa.
Alininyoosha ukosi.
"Mlango wenu unafungukia nje," alisema.
"Wetu unafungukia ndani.
Baba yako akija, atasukuma."

Akakimbilia basi la mwisho.

Miezi minane nimepima kila kitu kwa rula:
kimo cha meza, pembe ya taa, urefu wa kimya.
Yeye amepima kwa bega la mtu asiyekuwepo.

Nimerudi jukwaani na bisibisi.
Nanuli bado yumo, anafagia maganda;
hakuuliza kitu, amenishikia tochi.
Bawaba ya juu imetoka. Ya kati imetoka.
Ya chini ina skrubu iliyolika kichwa,
inazunguka tu, haitoki, haikazi.
Kesho saa moja jioni tunaonyesha tena.
"Jaribu na koleo," anasema Nanuli,
na anasogeza mwanga.